Je, Wajua? Mambo ya Jezi, Kikombe na Wino wa Mvuke

Je, wajua kwamba wino wa sablimesheni hauyeyuki? Una tabia ya kafuri, ambayo ukiiweka sandukuni hupungua mpaka ikaisha bila kulowesha nguo. Mchoro huchapwa kwanza kwenye karatasi; karatasi hiyo ikibanwa juu ya nguo kwenye joto la sentigredi 200 hivi kwa takriban dakika moja, wino hugeuka mvuke na kuzama ndani ya nyuzi za polista. Njia hii iligunduliwa na Mfaransa Noël de Plasse mwaka 1957. Ukiona rangi imefifia kwenye karatasi, usiogope: joto ndilo huikoleza.

Je, wajua kwamba pamba huukataa wino huu? Ukiupiga kwenye kanga ya pamba, kufua mara chache tu rangi imekwenda na maji. Kikombe nacho lazima kiwe kimepakwa utando maalumu.

Je, wajua kwamba wino huu hauna rangi nyeupe? Tazama bendera ya Uganda, iliyopandishwa 9 Oktoba 1962. Ukiichapa kwenye jezi nyeupe, ule mduara wa korongo ni kitambaa chenyewe. Kwenye jezi ya manjano, mduara utakuwa wa manjano. Kwenye jezi nyeusi, huoni kitu.

Je, wajua kwamba mchoro huchapwa kinyume? Tuseme timu ya Kakoba, Mbarara, imeagiza jezi. Neno KAKOBA hutoka kwenye karatasi kama lionekanavyo kwenye kioo, kisha kwenye nguo linakaa sawa. Fundi akisahau kuligeuza, A na O zitasalimika, lakini K na B zitageuka, na neno zima litaanzia mwisho. Mvaa namba 8 hatalalamika mgongoni. Hata korongo wa bendera, anayetazama mlingoti, ataupa kisogo.

Je, wajua kwamba picha huharibika njiani? Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Mteja aliye Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 wilayani Isingiro, akimtumia fundi wa Mbarara picha kwa WhatsApp, picha hiyo kwa kawaida hupunguzwa ukubwa. Aitume kama hati, ifike nzima.

Rangi ikishazama kwenye polista haitoki. Basi kabla ya kufunga mashine, soma jina kwenye karatasi: likisomeka vizuri, umekosea.