Fundi, Pima Kipuri Kabla ya Kukitupa

Tuseme wewe ni fundi wa redio kijijini. Karakana yako ni meza moja barazani. Mzee mmoja anakuletea redio yake. Anasema: "Mwanangu, redio hii ikitumia betri inasema vizuri. Nikiichomeka kwenye umeme inanguruma tu. Hata taarifa ya habari siisikii."

Utafanya nini? Mafundi wengi hubahatisha. Hubadilisha kipuri hiki, kisha kile, mpaka mngurumo uishe. Vipuri vizima hutupwa pamoja na vibovu. Anayelipia vyote ni yule mzee.

Siku hizi kuna kipimo kidogo cha vipuri, na bei yake si kubwa. Kilibuniwa na Mjerumani, Markus Frejek. Mjerumani mwingine, Karl-Heinz Kübbeler, akakiendeleza. Walitangaza michoro yao wazi, na watengenezaji wa China wakaiiga. Mara nyingi kipimo huuzwa bila kasha. Kisanduku cha sabuni kinakifaa sana.

Kipimo hiki hutumia betri ya volti 9. Kina kioo, kitufe na matundu yenye namba 1, 2 na 3. Kipuri chenye miguu miwili, weka mguu mmoja katika tundu namba 1 na mwingine namba 3. Bonyeza kitufe. Kipimo kinapitisha umeme mdogo sana kutoka tundu hadi tundu. Baada ya sekunde chache kioo kinaonyesha mchoro wa kipuri na namba zake. Rizista utaona omu zake. Transista ina miguu mitatu, nayo kipimo kinakuambia mguu upi ni upi. Hilo peke yake ni msaada mkubwa, maana transista ikifungwa kinyume inaweza kuungua.

Sasa turudi kwenye redio ya mzee. Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Ndani ya redio hupunguzwa nguvu, kisha dayodi huunyoosha. Lakini bado unakuja kwa mafungu. Kapasita kubwa ndiyo huutuliza. Ni kama pipa: unamimina maji ndoo kwa ndoo, lakini bomba la chini linatoa bila kukatika. Kapasita ikikauka ndani, pipa limekuwa dogo. Mafungu yale yanafika kwenye spika, nawe unasikia mngurumo. Umeme wa betri umetulia tangu mwanzo, ndiyo maana mzee alisikia vizuri akitumia betri. Umeona? Maneno yake yamekuonyesha pa kuanzia kabla hujafungua parafujo hata moja.

Chomoa waya wa umeme, toa na betri. Sasa ngoja. Usiipeleke kapasita kwenye kipimo bado. Kapasita huhifadhi umeme hata redio ikiwa imezimwa. Ukiipima ikiwa na umeme, kipimo chako kinaweza kuungua mara moja. Gusisha miguu yake miwili na rizista ya omu 100 kwa sekunde kadhaa ili imwage umeme wake. Hakikisha kwa mita ya kawaida kwamba volti zimekwisha. Hiyo ni kwa redio ndogo. Kapasita kubwa ya televisheni au chaja inaweza kuwa na volti zaidi ya 300, nazo huua. Kama hujafundishwa kazi hiyo na fundi aliyekutangulia, usivifungue.

Yeyusha risasi, itoe kapasita kwenye ubao. Ukiipima ikiwa bado ubaoni, umeme wa kipimo utapita pia katika vipuri jirani, na namba zitakudanganya.

Tuseme ubavuni imeandikwa mikrofaradi 1000, volti 16. Kwa kawaida kapasita ya aina hii ikipungua au kuzidi asilimia 20 si kosa. Basi namba kati ya 800 na 1200 ni sawa. Kioo kinasema 290. Usiishie hapo. Tazama pia herufi ESR. Huo ni ukinzani wa ndani ya kapasita. Kwa kapasita ya ukubwa huu unapaswa kuwa chini ya omu 1. Hapa ni omu 6. Wakati mwingine mikrofaradi huwa nzuri lakini ukinzani umepanda, na kapasita hiyo nayo ni mbovu.

Weka nyingine ya mikrofaradi 1000, ya volti 16 au 25, si chini. Ipime kabla ya kuifunga, hata kama ni mpya. Dukani huuzwa mbovu pia. Mstari wenye alama ya kutoa uelekee pale pale ulipokuwa. Ukiigeuza, inaweza kupasuka.

Usikiamini kipimo hiki kwa kila jambo. Hupima kwa volti 5 tu. Kapasita inayovuja kwenye volti 300 inaweza kuonekana nzima. Na vile vipuri vyeusi vyenye miguu mingi hakivijui kabisa.

Mzee akirudi, washa redio kwa umeme asikilize. Mpe na kapasita iliyotolewa, umwonyeshe namba zake kwenye kioo. Mtoze bei ya kapasita moja na kazi yako.