Chagua gia kwa njia, si kwa sifa

Msomaji, siku moja toka Jomvu Kuu, mji ule wa kale wa Wajomvu, ukasimame dakika kumi kando ya barabara kuu ya Mombasa-Nairobi. Usiyatazame magari. Yasikilize. Lori lililobeba kontena kutoka bandarini hunguruma, hunyamaza kidogo, kisha hunguruma tena kwa sauti nyingine. Kule kunyamaza ni dereva anabadilisha gia. Kabla ya kufika Mazeras, lori hilo litakuwa limenyamaza mara nyingi.

Sasa jibu swali ambalo vijana wapenda magari wanaweza kubishania usiku kucha. Gari lililokimbia kuliko yote duniani lilikuwa na gia ngapi? Huyu atasema saba, yule atasema kumi. Wote wamekosea. Gari hilo, Thrust SSC, halikuwa na gia hata moja ya kuzungusha magurudumu. Tarehe 15 Oktoba 1997, katika jangwa la Black Rock, Nevada, Marekani, rubani Mwingereza Andy Green aliliendesha kwa wastani wa karibu kilomita 1,228 kwa saa, likawa gari la kwanza kuipita kasi ya sauti. Injini zake mbili zilikuwa za ndege. Zilisukuma hewa nyuma, gari likaenda mbele, na magurudumu yakafuata tu kama ya mkokoteni.

Lakini lipo kundi la pili, la magari ambayo injini yake lazima izungushe magurudumu, kama gari lako na langu. Mwaka 2001, Don Vesco alilipeleka gari lake, Turbinator, kwa kasi ya kilomita 737 hivi kwa saa katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Huko Bonneville pia hufika watu wa kawaida na magari waliyojiundia nyumbani. Hao ndio wanaoumwa kichwa na suala la giaboksi.

Hesabu ya difu

Kwa nini liwaumize kichwa? Injini haina nguvu sawa wakati wote. Ikizunguka polepole mno hulegea, ikizidishwa huvunjika. Giaboksi ndiyo mpatanishi kati ya injini na gurudumu.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Gia ya juu haipunguzi kitu, lakini difu inapunguza mara nne. Gurudumu litazunguka mara 1,500. Ikiwa kila mzunguko wa tairi ni mita 2, gari litakwenda mita 3,000 kwa dakika, yaani kilomita 180 kwa saa. Toa difu hiyo, weka nyingine inayopunguza mara tatu tu. Hesabu itakupa kilomita 240.

Rahisi, sivyo? Kwenye karatasi, ndiyo. Barabarani kuna upepo. Ukitaka kasi mara mbili, nguvu za kuushinda upepo huwa mara nane. Kutoka kilomita 180 hadi 240 utahitaji nguvu zaidi ya maradufu. Injini isipokuwa nazo, itaelemewa, na gari lenye gia ndefu litakwenda polepole kuliko lilivyokwenda mwanzo. Mtaka yote hukosa yote.

Ndiyo maana fundi wa gari la rekodi huanza na njia. Pale Bonneville njia ni tambarare na ndefu, hivyo hana haja ya kuondoka kwa kishindo. Gia yake ya kwanza huwa ndefu kiasi kwamba magari mengi husukumwa na gari jingine mpaka yashike mwendo. Gia za juu nazo hukaribiana. Zikiachana sana, kila anapobadilisha injini huporomoka chini ya nguvu zake, na upepo haumsubiri. Akichagua giaboksi ya kujibadilisha, hupata wepesi wa kutokanyaga klachi, lakini lazima afikirie joto la mafuta yake na nguvu zinazopotelea humo.

Mchukue dereva wa Safari Rally sasa. Joginder Singh aliposhinda na Volvo mwaka 1965, mbele yake palikuwa na matope, mawe na kona. Gia ndefu ya Bonneville ingemfia kwenye kilima cha kwanza. Gia iliyo dawa kwa mmoja ni sumu kwa mwingine.

Mteremko wa nyumbani

Turudi Jomvu, maana huku jambo hili ni la uhai. Barabara inayopanda kwenda Mazeras ndiyo hiyo hiyo inayoteremka kuja Miritini, Jomvu na Changamwe, penye vituo vya matatu, wachuuzi na watoto wanaovuka kwenda shule. Madereva wa zamani wana kanuni yao: gia iliyokupandisha ndiyo ikuteremshe. Ukiwa katika gia ndogo, injini hulizuia gari, na breki hubaki baridi. Anayetoa gia ili "kuokoa mafuta" huachia breki mzigo wote. Breki zikipata moto kupita kiasi, hukanyaga na lisisimame.

Na hayo mafuta hayaokoi. Katika injini nyingi za kisasa, ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta ya gari hukata mafuta yenyewe. Ukitoa gia, injini huendelea kunywa ili isizime.

Basi ikiwa familia yako imejinyima miaka mingi na sasa mnatafuta gari kati ya yale yanayoshuka bandarini Mombasa, msianze na rangi wala mwendo ulioandikwa kwenye dashibodi. Mengi ya magari hayo yanajibadilisha gia yenyewe, na kwa foleni za Changamwe hiyo ni nafuu kubwa. Lakini kabla ya kulipa, muulize muuzaji jinsi ya kulishikilia katika gia ndogo. Tafuteni herufi L, namba 2 au alama nyingine ya namna hiyo karibu na mkono wa gia. Wengi huendesha miaka mitano bila kuigusa.

Siku mtakapotoka Nairobi na watoto wamelala kiti cha nyuma, mkifika Mazeras, mguse mkono huo kabla mteremko haujaanza. Mtasikia injini ikipandisha sauti. Msishtuke. Ni gari linawashikilia.