Je, Wajua? Kalamu Yako Imo Ndani ya Barua Pepe

Je, wajua kwamba bahasha yenye mkataba ikipanda basi Sumbawanga kwenda Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,100? Mkataba uleule ukipita kwenye barua pepe unaweza kufika, ukasomwa, ukasainiwa na kurudi kabla basi halijavuka Laela. Kwa mtu wa Kasense mwenye simu na bando, nyaraka nyingi hazina haja tena ya kupanda basi. Si zote, na nitazitaja zinazobaki.

Je, wajua kwamba jambo hili lina sheria yake nchini? Ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huohuo pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Pale sheria inapodai saini, saini salama ya kielektroniki inatosha.

Uzito wote uko kwenye neno "salama". Sheria inataka saini hiyo imtambulishe aliyesaini, iwekwe na yeye mwenyewe, iwe chini ya udhibiti wake, na ifungwe kwenye waraka kiasi kwamba mtu akiugusa baadaye, mguso huo uonekane. Shika hilo la "chini ya udhibiti wake". Nitalirudia.

Je, wajua kwamba mahakama zilianza kulipima suala hili kabla ya simu ya mezani kubuniwa? Mwaka 1869, katika shauri la Howley dhidi ya Whipple, majaji wa New Hampshire, Marekani, walisema mkataba uliopita kwenye telegrafu hautofautiani na ulioandikwa kwa mkono: kalamu fupi ya chuma na waya wa shaba wa maili elfu vinafanya kazi moja.

Hapa kwetu? Mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alikubali kwamba karatasi zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta ya benki ni vitabu vya benki kama vile vilivyoandikwa kwa wino. Sheria ilimfuata Jaji, haikumtangulia.

Je, wajua jinsi kusaini ndani ya barua pepe kunavyokwenda? Mwenye waraka anaupakia kwenye huduma kama DocuSign, iliyoanzishwa 2003, au ya Adobe, na kuonyesha mahali pa kusaini. Unaletewa barua pepe yenye kiungo. Unafungua, unasoma, unachora saini kwa kidole juu ya kioo cha simu, unabofya kumaliza, na kila upande unapata nakala yake. Huduma inabaki na kumbukumbu: ni anwani gani ya barua pepe iliyofungua, saa ngapi, kutoka kwenye mtandao upi.

Na je, wajua kwamba picha ya saini, ile unayoipiga kwa simu na kuibandika chini ya barua, ndiyo dhaifu kuliko zote? Yeyote aliyewahi kupokea barua yako anaweza kuikata na kuibandika kwenye deni usilolijua. Saini iliyofungwa kwa hisabati haikatwi hivyo. Kompyuta inaupitia waraka wote na kutoa alama yake ya pekee; njia iitwayo SHA-256 hutoa alama ya herufi na tarakimu 64. Ongeza sifuri moja ili 500,000 iwe 5,000,000, na alama inayotoka ni nyingine kabisa. Msingi wa kuifunga alama hiyo na mtu mmoja uliwekwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakapata njia ya kuutekeleza.

Je, wajua kwamba hata alama ya dole gumba kwenye ujumbe wa simu imewahi kuhesabiwa kuwa saini? Mwaka 2021, huko Saskatchewan, Kanada, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa kitani kwa simu, akimwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa alama ya dole gumba. Mzigo haukufika, bei ikapanda, wakaenda mahakamani. Mkulima alidai alimaanisha tu kwamba ujumbe umefika. Mwaka 2023 jaji akasema alikuwa amesaini, akaamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo. Lakini mkulima wa Ufipa anayejibizana kwa simu na mnunuzi wa mahindi au maharage ataje kwa maneno anachokubali: gunia ngapi, bei gani, lini.

Dole gumba lenyewe si geni kwenye nyaraka zetu. Je, wajua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mwenye hatimiliki ya kimila asaini au aweke alama yake chini ya kila ukurasa wa hati? Kila ukurasa, si wa mwisho tu. Naipenda kanuni hiyo, maana inamlazimisha mtu apitie anachokikubali. Bibi asiyejua kuandika ana nguvu sawa na mwalimu.

Tulishaonja uchungu wa kuweka alama bila kusoma. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara na jirani zake akikusanya mikataba 12, mmojawapo ukiwa wa mtawala Mangungu wa Msovero, kwenye karatasi za Kijerumani ambazo watawala hao hawakuweza kuzisoma. Februari 27, 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi juu ya ardhi hiyo. Vivyo hivyo leo, mkataba wa Kiingereza wa kurasa kumi, wenye kitufe cha "kubali" chini yake, ni wa kusomewa na kuelezwa kwanza kwa lugha unayoielewa.

Je, wajua kwamba "sahihi" na "saini" zimetujia kwa njia mbili? Sahihi ni ya Kiarabu, na hubeba pia maana ya jambo lililo kweli. Saini ni ya Kiingereza. Kenya hutumia zaidi ya kwanza, sisi ya pili. Na Kenya, kwa marekebisho ya sheria za biashara ya Machi 2020, iliruhusu saini za kielektroniki hadi kwenye nyaraka za ardhi. Uganda ina Sheria ya Saini za Kielektroniki tangu 2011.

Sasa zile nyaraka nilizoahidi kuzitaja, ambazo barua pepe pekee haizimalizi. Kiapo unaapa mbele ya Kamishna wa Viapo, naye huandika mahali na tarehe. Wosia wa maandishi chini ya kanuni za kimila za 1963 unataka mashahidi wasiopungua wawili kama mwenye kuusia anajua kusoma, na wanne kama hajui. Fomu ya mkopo wa elimu ya juu inajazwa mtandaoni, lakini ukurasa wenye saini unachapwa, unasainiwa kwa wino, unaskaniwa na kupandishwa tena.

Hapo ndipo steshenari inapoingia, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Kijana anakuja na cheti na namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Hana barua pepe, anafunguliwa moja. Nywila inaandikwa kwenye daftari la dukani au inabaki kwenye kompyuta ya pale, ili akirudi iwe rahisi. Mhudumu anafanya hivyo kwa wema. Lakini tangu siku hiyo, mkataba wowote utakaoingia kwenye barua pepe hiyo unaweza kusainiwa na mtu mwingine, na kumbukumbu zote zitaonyesha jina la kijana. Saini haiko tena chini ya udhibiti wake, ilhali sheria inadai iwe chini yake. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, lakini kesi huja baada ya hasara.

Je, wajua kwamba matapeli nao hutuma barua pepe za "saini hapa"? Kama hukuwa ukisubiri waraka, usibofye. Mpigie anayedaiwa kuutuma, kwa namba uliyokuwa nayo kabla.

Ndugu msomaji wa Kasense, kama barua pepe yako ilifunguliwa na mtu mwingine, ifungue leo kwenye simu yako mwenyewe. Badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha ondoa vifaa vyote usivyovitambua. Mwanao akitumwa steshenari kesho, mfundishe kutoka kwenye akaunti yake akimaliza, kabla hajainuka kwenye kiti.