Mkongojo si Aibu



Wengi wenu mnakumbuka siku zile Papa Fransisko alipoizuru nchi yetu. Alifika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, naye alikuwa na miaka 86. Safari ilikuwa imepangwa kufanyika mwezi wa Julai wa mwaka uliotangulia, ikaahirishwa kwa sababu ya maumivu ya goti. Kesho yake, tarehe 1 Februari, watu zaidi ya milioni moja walikusanyika kwa Misa katika uwanja wa ndege wa Ndolo. Walimwona mzee ambaye miguu yake ilikuwa imechoka, mwenye kutumia kiti cha magurudumu bila kukificha. Siku ile ile akawapokea watu waliotoka mashariki ya nchi, waliojeruhiwa na vita na waliofiwa, akayasikiliza masimulizi yao. Mimi sikusikia hata mtu mmoja akisema kwamba mzee yule angalibaki nyumbani kwake. Naye aliendelea na kazi yake hivyo hivyo, juu ya kiti kile, mpaka alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, kesho yake ya Pasaka.

Jambo hilo hunirudia moyoni kila nionapo wazee wetu wakikataa mkongojo. Katika mtaa wetu, huku kwenye milima ya upande wa Bukavu, palikuwa na baba mmoja aliyekuwa fundi wa mbao. Wanawe walimchongea mkongojo mzuri, akautundika ukutani. Akasema, “Siku nitakayoushika, watu watasema nimekwisha.” Ukakaa ukutani miaka miwili. Ninyi mnajua njia zetu zilivyo wakati wa mvua. Aliteleza asubuhi moja akienda kisimani, akavunjika mfupa wa nyonga, akalala kitandani miezi mingi. Sasa anatembea kwa mikongojo miwili! Mwenyewe hucheka akilisimulia, lakini mke wake hacheki.

Baba yule alikuwa anauficha uzee. Wako na wengine wafanyao kinyume chake. Hao, mara wapatapo mvi na wajukuu, hukaa ukumbini kutwa nzima, hawafanyi lolote, husema, “Sisi tunangoja kifo tu.” Wote wawili, naona, hukataa kitu kimoja: miaka ambayo Mungu amewapa na ambayo hakuwapa wenzao wengi waliozaliwa pamoja nao.

Papa Yoane wa XXIII alichaguliwa tarehe 28 Oktoba 1958, akikaribia miaka 77. Watu wengi walidhani kwamba mzee huyu atashika nafasi kwa siku chache tu, mpaka apatikane mwingine. Kumbe, ndiye aliyeweka rasmi majimbo ya maaskofu katika Kongo, tarehe 10 Novemba 1959. Tena ndiye aliyeufungua Mtaguso wa pili wa Vatikano, tarehe 11 Oktoba 1962. Na katika Injili ya Luka, wakati Mtoto Yezu alipopelekwa hekaluni, ni nani waliomtambua? Ni Simeoni, ambaye Injili haitaji miaka yake, ingawa sisi sote humchora na ndevu nyeupe. Na Ana, mjane wa miaka 84, aliyekuwa bado anatembea na kusema na watu wote habari za Mtoto yule.

Lakini yafaa tuseme pia jambo lililo chungu. Kwetu, mwanamke mzee ana sababu ya kuuogopa uzee kuliko mwanamume. Katika mikoa yetu ya mashariki, na si huko tu, wanawake wazee wamefukuzwa majumbani mwao, wamepigwa, na wengine wameuawa, kwa kuwa wameitwa walozi. Na alama zinazotajwa ni zipi? Mvi, mgongo uliopinda, kusema peke yake, na hasa macho mekundu. Wakristu, hebu tufikiri! Mwanamke ambaye amepika juu ya mafiga matatu miaka 50, katika jiko lisilo na dirisha, akipuliza kuni mbichi kila siku, macho yake yatakuwa na rangi gani? Moshi ule ule uliowapikia chakula watoto wake ndio unaogeuzwa kuwa ushahidi juu yake. Na asemaye peke yake, labda hana mwingine wa kusema naye.

Bibi mmoja wa parokia yetu aliacha kuja Misa. Alikuwa mtu wa kwanza kanisani kila Dominika, ghafula hakuonekana tena. Watu wa shirika lake walinong’ona. Mmoja alidai kwamba bibi alimtazama bila kumsalimu. Mwingine, kwamba katika mboni ya jicho lake mna kitu cheupe. Yeye naye alisikia maneno hayo, akaogopa, akajifungia ndani. Aliyeivunja hofu hiyo ni mjukuu wake, mtoto wa masomo ya darasa la 6. Mwalimu alikuwa amewafundisha habari za macho. Mtoto akamwambia baba yake, “Bibi hajakataa kuwasalimu watu. Hawaoni.”

Ile alama nyeupe ni ugonjwa unaoitwa mtoto wa jicho. Ndani ya jicho mna kitu kama kioo, ambacho hupitisha mwanga. Kwa miaka mingi kioo hicho huingia ukungu, hata mwanga usipite. Katika dunia nzima hakuna ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko huo. Dawa za majani zinazotiwa jichoni haziuponyi, tena zaweza kuliharibu jicho kabisa. Lakini daktari wa macho huweza kukitoa kile kioo kilichochafuka na kutia kingine mahali pake. Mara nyingi kazi hiyo haimalizi saa moja, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile ama kesho yake.

Basi wazee wetu, msione haya kuutunza mwili. Kuutunza si anasa, wala si kumkosa Mungu imani; mwili huo ulibatizwa pamoja na roho. Tena utunzeni kwa upole, kama mtu atunzavyo nyumba ya zamani ambayo bado anakaa ndani yake. Asiyezoea kutembea aanze na mwendo mfupi, apumzike, aongeze kidogo kidogo, hata afikie nusu saa kwa siku, siku 5 za juma. Mzee husikia kiu kidogo kuliko kijana, ijapokuwa mwili wake wahitaji maji. Basi anywe kabla ya kusikia kiu. Na asile ugali na chai tu. Miguu ya mzee hupungua nguvu upesi akikosa chakula cha kujenga mwili: maharage, mayai, sambaza za ziwa Kivu, ndagala za Tanganyika. Mizigo ile ya mgongoni, ifungwayo kwa kamba juu ya paji la uso, mama wa miaka 70 asiibebe tena. Najua wako wasio na mtu wa kuwabebea. Hapo si kosa la mama. Ni kosa letu sisi majirani.

Juu ya shinikizo la damu, ambalo wengi huliita tansio, nataka kusema kwa nguvu kidogo. Ugonjwa huo haupigi hodi. Mtu anaweza kuwa nao miaka mingi asisikie maumivu yoyote, kisha siku moja upande mmoja wa mwili ukapooza. Kupimwa ni kazi ya dakika chache tu katika kituo cha afya. Aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anavimeza. Wala asimgawie jirani. Na chumvi ya siku nzima, katika vyakula vyote, isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai.

Nanyi watoto wa masomo, mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka siku ya kuwakumbuka mababu, mabibi na wazee wote, nayo ni Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Siku hiyo huwaangukia katika likizo, basi hamna udhuru. Mkaeni karibu nao, mwaulize habari za zamani, mwasomee barua na vikaratasi vya dawa. Wazee nao wasichoke kuulizwa, wala wasigeuze kila jibu kuwa karipio.

Yule bibi alipelekwa hospitalini na mwanawe, mjukuu akamshika mkono njia nzima. Jicho la kwanza lilitengenezwa siku ya Jumanne. Siku ya Jumatano walimfungua kitambaa. Aliporudi, majirani walikusanyika, wengine kwa furaha, wengine, nadhani, kwa haya. Bibi alisimama mlangoni, akazitazama pembe zote za nyumba polepole, kisha akamgeukia mkwewe, akamwuliza kama ufagio ulikuwa umepotea tangu mwaka uliopita.