Benki ikikwambia 'PIN yako ndiyo ilitumika', usikubali kirahisi

Wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu ukirudi mtaani, hebu angalia juu ya kioo cha simu yako. Mtandao upo? Kama upo, shukuru. Siku ile wangu ulipotea, nilidhani ni laini inasumbua tu kama kawaida. Nilizima simu, nikaiwasha, nikaendelea na shughuli zangu. Kabla ya saa moja usiku nilikuwa nimeibiwa Sh83,500.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba pesa hizo hazikuwa zangu peke yangu.

Tuko wasee wanane, wote wa hapa Umoja. Tulianzisha chama, kila mtu Sh1,500 kwa mwezi. Baada ya miezi saba tulikuwa na Sh84,000. Mpango ulikuwa tufungue banda la kucheza PS, tuanze na runinga mbili na mashine mbili za mtumba. Mimi ndiye nilichaguliwa mweka hazina kwa sababu eti nilifika chuo, ingawa niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika. Chama hakikuwa na akaunti yake, kwa hivyo doo zilikaa kwa yangu. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nalikubali.

Sasa sikiza vile ilikuwa. Jumamosi, saa kumi na moja na dakika 38 jioni, laini ikazima. Kuna mtu alikuwa ameiswapu, yaani amesajili nambari yangu kwa kadi nyingine. Usiniulize alitoa wapi nambari yangu ya kitambulisho. Iko kwenye daftari za walinzi wa nusu ya majumba ya jiji hili, na yako pia iko huko.

Niligundua kwa bahati. Nilikuwa kwa jirani natumia Wi-Fi yake, ndipo barua pepe ya benki ikaingia: PIN yako imebadilishwa. Nikaangalia vizuri, nikaona nyingine mbili. Sh40,000 zimetumwa. Sh30,000 zimetumwa. Nikaomba jirani simu yake, nikapigia benki. Saa kumi na mbili na dakika 20 nilikuwa naongea na dada wa huduma kwa wateja. Akanipa nambari ya lalamishi na kuniambia akaunti imefungwa, nisiwe na wasiwasi.

Saa kumi na mbili na dakika 47 ikaingia barua pepe nyingine. Sh13,500 zimetumwa. Kwa akaunti iliyofungwa!

Jumatatu nilikuwa mlangoni mwa tawi kabla halijafunguliwa. Nikaandika barua ya malalamishi, nikaenda kituo cha polisi nikapewa nambari ya OB na abstrakti, nikarudi benki na nakala. Nikaambiwa nisubiri uchunguzi. Baada ya wiki tatu jibu likaja, sentensi mbili tu. Kwamba miamala ilifanywa kwa PIN sahihi, na kwa hivyo benki haiwezi kuwajibika.

Nilipeleka hiyo barua kwa mkutano wa chama. Mwenyekiti, ambaye tumejuana tangu darasa la tatu, aliisoma mara mbili kisha akaniuliza polepole: "Buda, sema tu ukweli. Ulikula?"

Hapo ndipo niliamua sitanyamaza. Na nataka ujue nilichojifunza, kwa sababu barua kama ile inatumwa kwa watu wengi, na wengi wanaikunja tu na kwenda nyumbani.

Jambo la kwanza: pesa ukishaziweka benki, kisheria zinakuwa za benki. Usishtuke. Maana yake ni kwamba benki inakuwa na deni lako, na ni lazima ikulipe ukidai. Kanuni hii ni ya zamani sana. Iliwekwa wazi Uingereza mwaka wa 1848 katika kesi ya Foley dhidi ya Hill, na mfumo wetu wa sheria umetoka huko. Sasa fikiria. Kama mtu mwingine amejifanya wewe na benki ikampa pesa, je, deni lako limelipwa? Benki ndiyo imedanganywa. Isikugeuzie mzigo huo kana kwamba mwizi aliingia kwa keja yako.

Jambo la pili, na ndilo kubwa: "PIN sahihi" haimaanishi "PIN yako". PIN iliyotumika siku ile sikuijua hata mimi. Iliwekwa upya na mwizi dakika chache baada ya kuchukua laini. Kwa hivyo swali halikuwa nani alijua PIN. Swali lilikuwa benki iliuliza nini kabla ya kumpa mtu mgeni, kwa simu ngeni, PIN mpya ya akaunti yangu. Teknolojia ya benki kujua kama laini imebadilishwa hivi karibuni ipo. Kama haikuitumia, huo ni uamuzi wake.

Lakini nitajuaje kilichotokea ndani ya mitambo ya benki? Hapa ndipo nilipata silaha ambayo vijana wengi hawajui wanayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona habari zako ambazo kampuni inashikilia, na kanuni za 2021 zinataka ombi kama hilo lijibiwe ndani ya siku saba. Niliandika barua fupi. Nikaomba saa kamili ambayo PIN ilibadilishwa, simu iliyotumika, simu ambayo mimi huwa natumia, na rekodi ya simu niliyopiga kuripoti. Wakikunyima, unaweza kulalamika kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data bila kulipa chochote, na sheria inataka lalamishi lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Majibu yalikuja. PIN ilibadilishwa saa kumi na moja na dakika 51, yaani dakika 13 baada ya laini kuzima. Simu iliyotumika haikuwa imewahi kugusa akaunti yangu hata siku moja. Na simu yangu ya kuripoti ilikuwa imerekodiwa, saa kumi na mbili na dakika 20, nambari ya lalamishi ileile.

Kwa kampuni ya simu pia niliomba barua ya kuonyesha laini iliswapiwa saa ngapi. Ukiweka karatasi hizo mbili kando kwa kando, huhitaji wakili kukuelezea.

Nikaandikia benki tena, safari hii si kwa tawi bali makao makuu, nikatuma nakala kwa Benki Kuu ya Kenya. Mwongozo wa Benki Kuu wa kulinda wateja, ulioanza kutumika 2013, unataka kila benki iwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamishi. Usitarajie Benki Kuu ikuamulie kesi kama hakimu. Lakini barua ikipitia huko, kule benki haibaki kwa dawati la chini.

Baada ya siku kumi nikapigiwa. Walikuwa tayari kunirudishia Sh13,500, zile zilizotoka baada ya mimi kuripoti. Sharti lilikuwa niweke sahihi kwamba nimeridhika na sitadai tena.

Nakuambia ukweli, mkono uliwasha. Sapa ilikuwa imenibana, na wasee walikuwa wananiangalia vibaya. Lakini pesa zilikuwa za chama, nikapeleka swali kwa chama. Tulipiga kura. Watu watano walisema tukatae, watatu wakasema tuchukue. Tukakataa. Wewe pia, ukiletewa karatasi ya aina hiyo, usiitie sahihi hapo hapo. Ibebe nyumbani, isome, uulize mtu.

Ndipo nikaenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Mahakama hii ilianza kazi 2021. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya huduma na ya pesa ambazo mtu anakushikia. Unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa. Mimi sikuwa na wakili. Nilikuwa na folda ya plastiki: barua za benki, barua pepe zote, abstrakti, barua ya kampuni ya simu, na ukurasa mmoja wenye saa za kila tukio, moja chini ya nyingine. Makarani walinionyesha fomu ya kujaza.

Siku chache kabla ya kusikizwa, wakili wa benki alinipigia simu. Wangelipa Sh83,500 zote. Hawakuomba msamaha, na hawakukubali kosa. Mimi nilitaka pesa za wasee, nikachukua.

Sitakudanganya kwamba kila mtu atashinda. Kama ulimpa PIN mtu aliyekupigia akijifanya wa benki, kesi yako ni ngumu zaidi, kwa sababu mkataba uliotia sahihi ulikutaka uifiche. Hata hivyo, bado uliza: niliripoti saa ngapi, na nini kilitoka baada ya hapo? Pesa zilizotoka ukishapiga kelele ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana dakika ya kuripoti ni dhahabu. Iandike, omba nambari ya lalamishi, piga picha kila kitu. Na kama tukio lako ni la zamani kidogo, usife moyo. Dai la mkataba lina miaka sita.

Pia jikinge. Kama uko Safaricom, bonyeza *100*100# ufunge laini yako isiswapiwe kiholela. Weka barua pepe kwa akaunti yako ya benki, kwa sababu siku simu itazimwa, hiyo ndiyo itakuamsha. Na kama una chama, fungueni akaunti ya chama, watu watatu watie sahihi. Sisi tulifanya hivyo wiki ileile pesa zilirudi.

Tulibaki saba. Mmoja alitoka zamani, kabla ya kesi, akasema hawezi kukaa na mwizi. Nilimtumia fungu lake, Sh10,500, pamoja na picha ya barua ya benki. Alisoma, hakujibu. Mwenyekiti ndiye alinipigia jioni hiyo akaniambia amepata mashine ya PS ya mtumba pale mjini, na kwamba nije na yeye tuiangalie kama inafanya kazi kabla hatujatoa hata shilingi.