Taya linauma? Usianze kwa kulipia kung'oa jino

Ukiamka taya limekaza na linauma kila ukitafuna, majirani wengi watakwambia jambo moja: kang'oe jino. Usikimbilie huko. Jino zima likishang'olewa halirudi, na kama ugonjwa ulikuwa kwenye kiungo cha taya, maumivu yatabaki palepale na fedha imekwenda.

Jipime kwanza, ni bure. Fungua mdomo, simamisha vidole vitatu kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima kwa kawaida huviingiza vyote. Halafu gusa mbele kidogo ya tundu la sikio huku ukifungua na kufunga mdomo. Maumivu yakiwa hapo, na hakuna jino lenye tundu wala fizi iliyovimba, yaelekea tatizo ni kiungo au misuli yake. Taya linaloalika bila kuuma halihitaji matibabu. Usilitolee hata shilingi.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kulipumzisha wiki mbili hadi tatu, na kwa wengi hiyo hutosha. Sisi Kagera tuna bahati: ndizi zilizopikwa zikalainika ni chakula cha mgonjwa wa taya, na zipo kila nyumba. Kilicho kigumu kuacha ni akamwani, yaani buni ya kutafuna. Mzee anayetupia buni kavu mdomoni tangu asubuhi hadi jioni halipi taya lake nafasi ya kupona. Iweke kando kwa muda, pamoja na muwa na mahindi ya kuchoma. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kiweke shavuni dakika 15, mara tatu kwa siku. Na mchana jichunguze: kama hutafuni, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana.

Dawa ya maumivu ya kawaida inatosha. Pakiti ya paracetamol haifikii nusu ya nauli ya Muleba hadi Bukoba. Ibuprofen hupunguza pia uvimbe, lakini inywe baada ya chakula na kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito asiiguse bila kuuliza. Usiichanganye na diclofenac, kwa kuwa ni za ukoo mmoja: unalipa mara mbili na tumbo ndilo linaloumia. Sindano haina sababu kama unaweza kumeza kidonge.

Wiki tatu zikipita bila nafuu, sasa lipia uchunguzi. Muleba kuna hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo. Mjini Bukoba kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kagera. Bei ya kumwona daktari si gharama yote. Kuna faili, nauli ya bodaboda na basi, picha, dawa, na siku ya kibarua iliyopotea. Gharama inayouma zaidi ni kufika ukaambiwa tabibu wa meno hayupo leo. Piga simu kabla hujatoka. Ukitakiwa kupiga picha ya eksirei, uliza itabadilisha nini katika matibabu. Mara nyingi kiungo hiki hupimwa kwa mikono.

Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa ilipangwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na huduma zake ziliishia ngazi ya mkoa. Kwa bima ya namna hiyo, meli ya usiku kwenda Mwanza na matibabu ya Hospitali ya Bugando ni mfukoni mwako. Usiende bila barua ya rufaa.

Ukifika kwa tabibu, kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno usiku ndicho kitakachokushawishi zaidi. Kile laini ni rahisi lakini huchakaa upesi. Kile kigumu huchongwa kwa vipimo vya meno yako, hudumu, ila kina safari za kurudi kurekebishwa ambazo hazimo kwenye bei ya kwanza. Mwongozo wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la BMJ, kuhusu maumivu ya taya yaliyodumu miezi mitatu au zaidi, ulitanguliza mazoezi ya taya yanayosimamiwa na mtaalamu, na haukuvipendelea vifaa hivi. Fedha yako ikiwa kidogo, mtafute mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kununua kifaa.

Kuna hali ambazo hazisubiri hesabu: mdomo umebaki wazi haufungi, taya limekaza baada ya jeraha (huenda ni pepopunda), uvimbe wenye homa, au maumivu ya taya pamoja na kifua kubana. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kwa kukopa.

Kwa wengine wote ambao kupumzisha taya hakukutosha: mwezi huu kama una fedha ya jambo moja tu, lipia uchunguzi, na kabla koleo halijashikwa mwambie tabibu akuonyeshe jino bovu. Asipoliona, rudi nyumbani na meno yako.