Sura ya Nne: Msimbo wa Maradhi Si Bei

Zipo dhana tatu ambazo kila afisa wa rekodi katika hospitali hukutana nazo, nami nimekusudia kuzikanusha moja baada ya nyingine, kisha kuipa sheria haki yake. Ya kwanza haistahili wino mwingi. Wapo wanaoamini kwamba alama kama B50 au O82, iandikwayo penye fomu ya bima, ni nambari ya yule mnyama, kama walivyonena wengine juu ya Huduma Namba, nambari ya usajili ya serikali ya Kenya, mwaka 2019, ama ni lugha ya siri ambayo kwayo daktari humficha mgonjwa ugonjwa wake. Orodha ya ICD, yaani orodha ya kimataifa ya maradhi inamotoka misimbo hiyo, ina asili iliyo bayana: iliandaliwa na Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893, ikaingia mikononi mwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1948, na leo mwenye simu yoyote aweza kuifungua akaisoma bila ya malipo. Shetani, ikiwa analo daftari, sidhani kwamba hulitangaza namna hiyo.

Dhana ya pili ina madhara makubwa zaidi, nayo ni kwamba msimbo ndio bei, na kwamba mwandishi hodari ni yule anayeutafuta ulio mzito. Chini ya SHA, mamlaka ya afya ya jamii iliyoirithi kazi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, bei imo katika jedwali la viwango lililotangazwa na serikali. Humo kujifungua kwa kawaida kumewekewa shilingi 10,000 na kwa upasuaji shilingi 30,000. Msimbo hauzai fedha hizo, bali hushuhudia tu lililotendeka, na shahidi huyu huulizwa maswali. Ukiandika O82, yaani uzazi wa kupasuliwa, jalada ni lazima liwe na hati ya ridhaa iliyotiwa sahihi, karatasi ya nusukaputi, maelezo ya mpasuaji, na jina la mama katika daftari la thieta kwa tarehe ile ile. Daftari likiwa tupu siku hiyo, hakuna ufasaha wa karani utakaolijaza. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za namna hii, mathalani kuwaandika wagonjwa wa nje kana kwamba walilazwa, na waliostaajabu walikuwa wale waliozoea kudhani kwamba fomu haisomwi.

Dhana ya tatu ndiyo inayonichosha. Aghalabu watu huiona tarakimu 9 mwishoni mwa msimbo, ambayo maana yake ni kwamba jambo halikubainishwa, kuwa ni aibu ya kukimbiwa, na kimbilio lao ni malaria. Hapa Machakos, mji ulio juu ya bahari kwa takriban mita 1,600, mgonjwa mwenye homa ambaye kipimo chake cha damu hakikuonyesha kimelea angali anaweza kuandikiwa malaria, ilhali R50.9, yaani homa isiyobainishwa, ingekuwa kweli tupu. Na wala 9 si ndugu wa 8: nane hudai kwamba jambo limebainishwa, ila halina chumba chake maalumu katika orodha, na tisa hukiri kwamba halikubainishwa kabisa. Mwenye kuichukua 8 pasi na maelezo ya daktari amedai ujuzi asiokuwa nao. Ndiyo sababu mimi huanza kulitafuta neno katika juzuu ya tatu ya ICD-10, ambayo ni faharasa, kisha nikalihakiki katika juzuu ya kwanza kabla ya kuandika. Anayeishia katika faharasa hajamaliza kazi.

Nilitaka kupita haraka niifikie sheria, lakini T64 imenizuia, maana ni msimbo ambao Ukambani, eneo letu hili, una haki ya kuujua kuliko nchi nyingi duniani. Ni wa sumukuvu, yaani aflatoksini. Mwaka 1981, katika iliyokuwa wilaya ya Machakos, wenyeji walisimulia kwamba hua walitangulia kufa, wakafuatwa na mbwa, kisha wanadamu. Wagonjwa 20 waliugua ini, na 12 kati yao wakafariki. Mwaka 2004 balaa ilirudi kwa ukubwa, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi, pamoja na Machakos na Thika: wagonjwa 317, vifo 125. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyowekwa nyumbani yakiwa na unyevu, yakaota kuvu.

Sasa mtazame mgonjwa mmoja wa namna hiyo kwa jicho la karani: macho ya manjano, tumbo limevimba, kutapika. Akiandika R17, ameandika umanjano na kunyamaza. Akiandika B19, amesema ni homa ya ini ya virusi, na hilo pengine halikupimwa. T64 peke yake ndiyo inayompeleka mkaguzi wa afya kwenye gunia, nayo hufuatana na X49, ambayo huonyesha kwamba sumu iliingia kwa bahati mbaya. Zama zile NHIF ililipa kwa siku za kitanda, kwa hiyo hospitali isingepata hata senti moja zaidi kwa kuichagua T64. Na hapo ndipo upungufu wa yule anayefukuza bei unapodhihirika, kwa kuwa hana sababu ya kuitafuta.

Fauka ya hayo, vijana wamezuka na vyeti vya mitandaoni vinavyofundisha ICD-10-CM, toleo la Marekani lenye misimbo ipatayo 70,000, ilhali lile la Shirika la Afya Duniani lina 14,000 hivi. Kwa wagonjwa wa nje, Marekani hukataza kuandika ugonjwa unaoshukiwa kana kwamba umethibitika. Kanuni za Shirika husema kwamba shaka isiyopata maelezo zaidi huandikwa kama iliyothibitika, na ikikanushwa na vipimo huandikwa Z03. Kuchanganya kaida hizi mbili ni kuharibu zote, hata uwe na cheti chenye muhuri wa dhahabu.

Sheria niliyoiahidi imebakiwa na nafasi finyu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 imeufanya udanganyifu wa madai kuwa kosa la jinai, na ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imezihesabu habari za afya kuwa nyeti. Kwa karani wa ngazi yoyote maana yake ni moja: msimbo haubadilishwi chinichini ili dai lipite. Jalada lenye utata hurudishwa kwa daktari na swali lisiloongoza: usimwandikie, “Je, hii si sumukuvu?” bali, “Chanzo cha umanjano ni nini?” Naye ajibu kwa mkono wake ndani ya jalada, kwa tarehe ya siku aliyojibu, si ya siku mgonjwa alipolazwa.